Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: kilomita 851, na saa zake halisi

Saa nne kasoro robo asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa mjomba, yuko uwanja wa ndege wa Mwanza.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mimi nimeshafika, nimewahi. Lakini mbona hapa kwenye kaunta hakuna mtu? Nauliza, naambiwa ndege ya Dar imeshaondoka. Imeondokaje, na tiketi yangu ni ya saa saba?”

Nilifungua tiketi kwenye simu, maana mimi ndiye niliyemkatia na kumtumia. Ilikuwa imeandikwa 07:10. Mjomba ana miaka zaidi ya sabini na amehesabu saa kwa Kiswahili maisha yake yote. Aliona saba, akasoma saba. Akanywa chai yake taratibu, akaaga majirani, akapanda daladala, akafika uwanjani saa tatu na ushei kabla ya muda alioujua yeye. Ndege ilikuwa imeondoka saa moja na dakika kumi asubuhi. Wakati ananipigia simu, ilikuwa imekwisha kutua Dar, abiria wamechukua mizigo yao na kutawanyika.

Kosa lile nalihesabu kuwa langu. Nilimtumia mzee picha ya tiketi bila neno hata moja la maelezo, na alikuwa na miadi ya daktari kesho yake asubuhi. Tukakata tiketi nyingine ya jioni, kwa bei ya siku ile ile, ambayo kila aliyewahi kuilipa anaikumbuka.

Tangu hapo, mtu akiniuliza “Mwanza kwa ndege ni saa ngapi?” simjibu haraka. Jibu fupi ni saa moja na nusu. Ni jibu sahihi, lakini limewapoteza wengi, kwa sababu linataja kipande kimoja tu cha safari.

Umbali wenyewe

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ni kilomita 851 hivi. Ukitafuta kwenye mtandao utakutana pia na 529, na pengine 460. Hakuna aliyekosea hapo. 529 ni maili za kawaida, zile za barabara za Uingereza na Marekani. 460 ni maili za baharini, ambazo marubani wamezirithi kwa mabaharia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Tatizo linakuja pale mtu anaposoma namba bila kuangalia kipimo kilichoandikwa pembeni yake, kisha anaamini Mwanza iko karibu kuliko ilivyo.

Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Njia kuu ya reli ya SGR, itakapokamilika yote kutoka Dar hadi Mwanza, ni kilomita 1,219. Miji ni ile ile miwili, lakini umbali ni wa aina tatu, kwa sababu barabara inafuata miji na reli inafuata miinuko ambayo treni inaweza kuipanda.

Umbali wa angani unaweza kuukokotoa mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Waliosoma hisabati ya sekondari watakumbuka mada ya dunia kama tufe, ile iliyowatoa wengi jasho. Uwanja wa Dar uko digrii 6 na dakika 52 kusini mwa ikweta, na digrii 39 na dakika 12 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini, na digrii 32 na dakika 56 mashariki. Dakika hizi si za saa. Digrii moja imegawanywa mafungu 60, na kila fungu huitwa dakika. Kwa hiyo digrii 6 na dakika 52 ni sawa na 6.87, na digrii 2 na dakika 27 ni 2.45. Tofauti ya kusini na kaskazini ni digrii 4.42. Kwa upande wa mashariki na magharibi, 39.20 ukitoa 32.93 unabaki na 6.27.

Huku kwetu karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111, uende upande wowote. Zidisha: 4.42 mara 111 ni kilomita 490 na kidogo, 6.27 mara 111 ni kilomita 696. Sasa una pembetatu yenye pembe mraba, na mstari wa ndege ndio upande wake mrefu. Kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: zidisha 490 kwa 490, na 696 kwa 696, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Utapata 851.

Njia hii inafaa kwa safari za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Usiipeleke mbali na ikweta. Kadiri unavyokaribia ncha za dunia, mistari ya longitudo inasogeleana. Ukifika Oslo, karibu na digrii 60 kaskazini, digrii moja ya mashariki na magharibi ni nusu tu ya hii yetu, kama kilomita 55. Hesabu ya kule inataka kanuni nyingine.

Mstari huo ukiuchora kwenye ramani unatoka Dar kuelekea kaskazini magharibi, unapita jirani na milima ya Nguru, unakatiza kaskazini mashariki ya Kondoa, unaacha mlima Hanang kushoto, unagusa upande wa kusini wa Ziwa Eyasi, kisha unapita karibu na Maswa kabla ya kulikuta Ziwa Victoria. Siku isiyo na mawingu, anayekaa dirishani upande wa kulia akitokea Dar anaweza kuliona Ziwa Manyara na kingo za Bonde la Ufa. Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, ni wa waliokaa kushoto. Kilimanjaro wengi wanautafuta, lakini mstari huu unapita zaidi ya kilomita 200 kutoka mlimani. Usiku njia hiyo yote ni giza, isipokuwa taa za miji michache.

Ndege haifuati mstari huo kama uzi. Pale Dar inaruka kwa kuukabili upepo, mara nyingine inaelekea baharini kwanza ndipo inageuka. Angani zipo njia zilizopangwa, na waongoza ndege wanaweza kumwelekeza rubani azunguke kidogo kupisha ndege nyingine. Ongeza makumi machache ya kilomita juu ya zile 851.

Kwa nini kilomita hazikwambii muda

Chukua mfano wa Zanzibar. Kutoka uwanja wa Dar hadi uwanja wa Zanzibar ni kilomita 73 tu, na ndege inatumia kama dakika 20. Mwanza ni mbali karibu mara kumi na mbili. Kama muda ungefuata kilomita, tungekaa angani saa nne. Hatukai hata saa moja na nusu. Sababu ni kwamba ndege ya Zanzibar haipati nafasi ya kukimbia: inapanda, haijakaa sawa, inaanza kushuka. Ya Mwanza inapata nafasi hiyo, ingawa si kubwa kama watu wanavyodhani.

Ndege ya jeti inatumia dakika 20 hivi kupanda mpaka futi 36,000. Kushuka inaanza mapema, karibu kilomita 180 au 200 kabla ya kutua. Kwa safari hii, maana yake ni kwamba ukishaliacha Ziwa Eyasi nyuma, rubani anapunguza nguvu za injini na wewe unaanza kusikia masikio yanaziba. Mwendo kamili unaupata kwenye karibu nusu ya njia tu. Ndiyo maana ndege yenye uwezo wa kilomita 830 kwa saa haimalizi kilomita 851 kwa saa moja.

Hapo aina ya ndege inaingia. Airbus A220-300 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza iliwasili Desemba 2018 na kuifanya kampuni hiyo kuwa ya kwanza Afrika kuwa na ndege ya aina hiyo, ni jeti zinazokimbia kama kilomita 830 kwa saa zikiwa juu. De Havilland Dash 8 Q400, ile ambayo mitaani tunaiita Bombadia, ni ya pangaboi, na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 667 kwa saa. ATR 72, nayo ya pangaboi, iko kwenye 510 hivi. Wapo wanaozidharau ndege za pangaboi kwa sababu panga zake zinaonekana zikizunguka. Hazistahili dharau hiyo. Injini zake ni za tabo kama za jeti, zinatumia mafuta kidogo kwa safari fupi, na zinaweza kutua kwenye viwanja vifupi ambavyo jeti haithubutu.

Kanuni yangu ya kukadiria ni hii. Kwa jeti, gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Kwa Q400 gawanya kwa 600, kwa ATR gawanya kwa 480, na zote mbili uziongezee dakika 25. Mwanza kwa jeti inakuja saa moja na nusu, kwa Q400 karibu saa mbili kasoro dakika kumi, kwa ATR saa mbili na dakika kumi. Utakuta tofauti ya dakika tano hadi kumi na ratiba iliyochapishwa, si zaidi. Kwa safari fupi sana kama ya Zanzibar kanuni hii inazidisha, usiitumie.

Ile nusu saa ya kuongeza haihusu kupanda na kushuka peke yake. Muda wa kwenye tiketi haupimwi kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza pale kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu na ndege inasukumwa nyuma kutoka ilipoegeshwa, na unaisha pale kabari zinaporudishwa uwanja wa pili. Ndani yake mna kutembea hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu nyuma ya ndege nyingine, na kutembea tena baada ya kutua. Mashirika huacha humo pia dakika kadhaa za akiba, ili kuchelewa kidogo kusiharibu ratiba ya siku nzima. Ndiyo maana mara nyingine ndege inaondoka imechelewa dakika kumi na bado inafika kwa wakati wake.

Upepo nao una neno. Kati ya London na New York tofauti ya kwenda na kurudi inafika saa nzima, kwa sababu kule juu unavuma mkondo mkali wa upepo kutoka magharibi. Karibu na ikweta upepo wa juu ni mpole zaidi. Ukiwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa ukikusukuma kwenda na ukikukabili kurudi, tofauti kwa umbali huu ni dakika saba hivi. Ni kidogo. Usipange miadi yako kwa kuutegemea.

Jambo moja dogo ambalo mimi hulifurahia: msikilize rubani anapotaja kimo. Kwenda Mwanza, ndege inaelekea magharibi, na atataja maelfu ya shufwa: futi 34,000 au 36,000. Kurudi Dar atataja maelfu ya witiri: 35,000 au 37,000. Ni utaratibu wa usalama unaofuatwa karibu duniani kote, ili ndege zinazokutana uso kwa uso zipishane kwa kimo.

Kituo kimoja cha njiani

Kabla hujalipa, tazama kama ndege inakwenda moja kwa moja. Tiketi nyingine za bei nafuu zinapitia Kilimanjaro au kwingineko. Kwa ramani, hasara ni ndogo mno. Dar hadi Kilimanjaro ni kilomita 450, Kilimanjaro hadi Mwanza ni 473. Jumla 923, yaani umeongeza kilomita 72 tu. Kwa saa ni hadithi nyingine kabisa: ndege inashuka, inatua, inashusha watu, inapakia wengine, pengine inaongezwa mafuta, inapanda upya. Hata usipobadilisha ndege, hesabu saa moja ya ziada au zaidi. Ukibadilisha, inaweza kuwa nusu ya siku. Angalia muda wa jumla, toka kuondoka Dar hadi kufika Mwanza, wala usiishie kwenye bei.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Tuseme unaishi Kimara, unakwenda kwa shangazi Nyegezi, na ndege yako ni ya 14:00, yaani saa nane mchana. Uwanjani unatakiwa saa sita, saa mbili kabla. Kutoka Kimara unashika Ubungo, barabara ya Mandela, Buguruni, unaingia Nyerere pale Tazara. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa 2018 lilipunguza kilio cha makutano yale, lakini foleni ya Buguruni haijasoma habari hiyo. Mimi ningetoka nyumbani saa nne na nusu. Ndege inaondoka saa nane, inafika saa tisa na nusu. Ukishuka, ukasubiri begi, ukatoka nje, ni saa kumi. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini ya mji. Nyegezi iko upande wa pili, kusini. Ukivuka mji mzima kwa gari utabisha hodi kwa shangazi karibu saa kumi na moja jioni.

Umetumia saa sita na nusu. Angani ulikaa saa moja na dakika kumi hivi.

Hata hivyo, kwa Mwanza ndege inashinda bila ubishi. Basi linalotoka kituo cha Magufuli, Mbezi, alfajiri, linakufikisha Nyegezi usiku, miguu imevimba. Dodoma ndiyo inayohitaji kufikiriwa mara mbili. Kwa ndege ni kilomita 390 na kama saa moja, lakini ukijumlisha foleni, kusubiri na kuchukua mzigo unatumia saa nne au tano. Treni ya SGR, iliyoanza kwenda Dodoma Julai 2024, inachukua kati ya saa tatu na nusu na nne toka stesheni hadi stesheni, na stesheni ya Dar iko katikati ya mji. Kwa wengi wa Dar, Dodoma sasa ni ya treni. Huo ndio uamuzi wangu, na naufuata mwenyewe.

Kurudi kutoka Mwanza ongeza muda kidogo kwa ajili ya mizigo. Hakuna anayemtembelea shangazi akaruhusiwa kuondoka mikono mitupu. Kwenye foleni utaona maboksi yamezungushiwa selotepu tabaka kwa tabaka: sato na sangara waliogandishwa, dagaa, pengine na mchele wa Magu juu yake. Boksi likipanda mzani na kuzidi kilo zilizoandikwa kwenye tiketi, linafunguliwa pale pale, samaki wanahamishwa kutoka boksi hadi begi, na foleni nzima inasimama. Pima nyumbani, au dukani kwa jirani mwenye mizani. Na pawabenki isiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Betri za akiba za lithiamu husafiri mkononi tu, kwa sababu zikishika moto kule chini hakuna wa kuuona mapema.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Hapa ndipo mjomba alipoumia. Tiketi nyingi za ndege hutumia saa 24, zinazoanza usiku wa manane. Saa yetu inaanza na jua: likichomoza, saa inahesabiwa upya, likizama, inahesabiwa upya tena. Ni saa yenye mantiki kuliko ile ya Kizungu kwa nchi ambayo mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Lakini tiketi haiijui.

Kubadilisha ni kazi ya kutoa sita. 07:10 toa sita, ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 09:00 ni saa tatu asubuhi. 14:00 toa sita ni nane, saa nane mchana. Jioni, namba ikianzia 19:00, toa kumi na nane: 19:00 ni saa moja jioni, 21:30 ni saa tatu na nusu usiku. Na kwa ndege za alfajiri, ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, 04:00 ni saa kumi usiku. 13:00 ni saa saba mchana, na hiyo ndiyo saba ambayo mjomba aliidhania.

Saa ikishapatana, bado kuna tarehe. Kwa watu wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Kwa wengine ni ule unaofuata. Kwenye tiketi, siku mpya inaanza saa sita kamili usiku, basi. Tiketi iliyoandikwa Jumamosi 00:40 maana yake ni dakika arobaini baada ya saa sita, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ijumaa jioni unatakiwa uwe tayari uwanjani. Anayekwenda Jumamosi usiku anakuta ndege iliondoka jana yake. Hili linawakuta zaidi wanaosafiri nje, Muscat, Dubai au Istanbul, kwa kuwa ndege nyingi za masafa marefu huondoka usiku wa manane.

Saa ya tiketi vilevile si saa ya kupanda ndege. Ni saa ya kuondoka. Kaunta hufungwa kabla, kwa mashirika mengi dakika 45 au saa nzima kabla, na mlango wa ndege hufungwa dakika kadhaa kabla ya kusukumwa. Ukifika uwanjani dakika 20 kabla ya saa iliyoandikwa umechelewa, hata kama unaiona ndege kwa macho. Kwa Dar, soma pia jengo. Jengo la Tatu lilianza kutumika Agosti 2019 kwa safari za nje, wakati safari za ndani zilibaki Jengo la Pili. Mwambie dereva jengo lako mapema, kabla hamjapita njia yake.

Ziwa lina saa zake

Kitu kimoja hakiandikwi kwenye tiketi wala hakikokotolewi kwa Pythagoras. Ziwa Victoria hutengeneza mvua yake lenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, na radi zinaunguruma bara. Usiku mambo yanageuka: maji yanabaki na joto, upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, unakutana katikati, na mawingu mazito yanapanda usiku kucha hadi asubuhi. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, ndege ya asubuhi ya kanda ya ziwa inaweza kukuta wingu limekaa juu ya uwanja.

Hapo rubani ana njia chache. Anaweza kuzunguka angani akisubiri, au kwenda kutua uwanja mwingine, kwa mfano Kilimanjaro au Entebbe. Mafuta ya kufanya hivyo anayo: kanuni za kimataifa zinataka jeti ibebe mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda uwanja mbadala, na ya dakika 30 zaidi juu ya hapo. Safari yako ya saa moja na nusu inageuka ya saa tano. Abiria wananung'unika, na nimewahi kuwa mmoja wao.

Siku hizi sinung'uniki. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege iliyotoka Dar ilianguka ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43. Wakafa 19, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuwafikia kwa mitumbwi. Rubani akisema tunarudi, tunarudi. Mwenye mazishi, mtihani au miadi ya hospitali asisafiri siku ile ile kwa ndege ya mwisho. Asafiri siku moja kabla.

Ndege ikifutwa au ikichelewa sana kwa sababu zisizo za hali ya hewa, usiondoke kaunta bila maandishi. Omba maelezo ya sababu na ya hatua watakayochukua kwa ajili yako, tunza tiketi na risiti zote. Usipopata haki, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hupokea malalamiko ya abiria, na lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga.

Mjomba amesafiri tena mara mbili tangu siku ile. Sasa simtumii picha peke yake. Namwandikia ujumbe kwa maneno: “Mjomba, ndege ni Jumanne, saa moja na dakika kumi ASUBUHI. Uwe uwanjani saa kumi na moja alfajiri. Gari litakupitia saa kumi na robo.” Kisha napiga simu, naomba anisomee alichokielewa. Nawe ukimkatia mzazi tiketi, usimtumie namba tupu. Mwandikie saa kwa Kiswahili, mtajie kama ni asubuhi, mchana au usiku, na umsikie akiirudia kwa mdomo wake.